Usisubiri Mengineyo

Mkutano mkuu wa kijiji una ajenda zinazojulikana nchi nzima: kufungua, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, taarifa za miradi, mengineyo, kufunga. Wengi wetu hunyamaza tangu mwanzo mpaka kwenye mengineyo, ndipo tunyooshe mkono. Wakati huo jua limeshakuwa kali, akina mama wenye watoto wachanga wameshaondoka, mwenyekiti anatazama saa, na swali kuhusu fedha za zahanati linajibiwa kwa maneno matatu: tumelipokea, tutalifanyia kazi. Kisha tunarudi nyumbani tukilalamika njiani kwamba viongozi wetu si wawazi.

Lalamiko hilo ni la haki, ila halijaandikwa popote, na kiongozi analijua hilo. Mwongozo huu ni wako wewe usiye na cheo, usiye mwanasheria wala mwandishi wa habari, unayetaka kujua fedha za kijiji, za halmashauri na za jimbo zimekwenda wapi. Nimefuata sheria na taratibu za Tanzania Bara. Kwa mkazi wa mjini, pale ninapotaja kijiji yeye asome mtaa, ingawa baadhi ya taratibu hutofautiana. Ninaloamini ni kwamba uwajibikaji tunaoudai kwa mawaziri na wabunge hautakuja kama hatujajifunza kuudai kwenye mkutano tunaouhudhuria kwa miguu, na mlango wake mkubwa ni kipengele cha yatokanayo.

Unachodai ni chako

Ibara ya 8 ya Katiba ya 1977 inawataja wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote na inaiwajibisha Serikali kwao. Ibara ya 18 inatupa haki ya kupata taarifa za mambo yanayogusa maisha yetu. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inashuka mpaka kijijini: mkutano mkuu ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, na ndio wenye kauli ya juu kuhusu mambo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, inafanya kazi kwa niaba yenu. Mkutano wa kawaida huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya fedha husomwa humo.

Kwa hiyo mwenyekiti anaposema atawasomea mapato na matumizi akipata nafasi, ameugeuza wajibu wake kuwa hisani. Mkumbushe kwa upole, lakini mkumbushe mbele ya watu.

Kabla ya mkutano

Nenda ofisi ya kijiji siku mbili tatu mapema. Ubaoni utakuta tangazo la chanjo, la mbegu za ruzuku, picha ya mgombea wa uchaguzi uliopita, na pengine karatasi ya mapato na matumizi ambayo jua limeshafuta nusu ya tarakimu. Ipige picha kwa simu au inakili. Isipokuwepo, mwombe mtendaji akuonyeshe nakala yake, kwa sababu lazima anayo ile atakayoisoma.

Sasa kaa chini na hesabu. Tuseme karatasi inasomeka hivi. Mapato: salio anzia 412,000, ushuru wa mnada 680,000, michango ya choo cha shule 1,150,000, faini 90,000. Jumla 2,332,000. Matumizi: ujenzi wa choo 1,300,000, posho za vikao 420,000, shajala 115,000, mengineyo 380,000. Jumla 2,215,000. Baki 117,000.

Hesabu imefunga sawasawa, na hapo ndipo wengi huridhika. Itazame tena. Ikiwa kaya zilizopangiwa kuchangia ni 310, kila moja 5,000, zilitakiwa zipatikane 1,550,000. Zimesomwa 1,150,000. Ama kaya 80 hazijalipa, ama fedha zake hazijafika kwenye daftari. Jibu liko kwenye orodha ya waliolipa, kwa hiyo omba orodha hiyo isomwe kitongoji kwa kitongoji. Kila mtu atasikia jina lake lipo au halipo. Faini za 90,000 walitozwa akina nani, kwa sheria ndogo ipi, na stakabadhi zake zina namba gani? Posho za vikao zimekaribia theluthi ya gharama za choo: vikao vingapi, wajumbe wangapi? Kuhusu mengineyo ya 380,000, usikubali hata shilingi moja yake ipite bila kufafanuliwa. Fungu lisilo na jina ndilo la kwanza kuulizwa.

Kuna la mwisho ambalo karatasi haiwezi kukuonyesha, nalo ni kile kisichoandikwa. Miezi hiyo mitatu watu walifuata barua za utambulisho wakatoa hela ya muhuri. Je, kuna mstari wa mapato hayo? Ikiwa wewe mwenyewe ulilipa na mstari haupo, umeshapata swali lako. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na stakabadhi yako ndiyo daftari lako wewe. Idai kila unapolipa, iwe ya mkono au ya mashine ya POS. Ripoti za ukaguzi zimerudia mwaka baada ya mwaka kwamba kuna fedha za halmashauri zilizokusanywa kwa mashine hizo bila kufikishwa benki.

Ndani ya mkutano

Wahi, na uwahimize majirani wawahi. Watu wakiwa wachache akidi haitimii, mkutano unaahirishwa, na robo nzima inapita bila taarifa. Nimeona vijiji ambako hali hiyo imezoeleka, nami nasema wazi kwamba hapo lawama ni yetu pamoja na ya viongozi.

Muhtasari wa mkutano uliopita ukisomwa, sikiliza kwa makini. Kabla haujathibitishwa, mwenyekiti atauliza kama kuna marekebisho. Huo ndio wakati wa kusimama kama ahadi fulani imeachwa. Mlipokutana Aprili mliahidiwa kwamba mabati ya zahanati yangefika kabla ya Juni, na muhtasari unasema tu kwamba wananchi walielezwa maendeleo ya zahanati? Sema: “Ndugu mwenyekiti, naomba iingizwe kwamba tuliahidiwa mabati kabla ya Juni.” Ahadi isiyo kwenye muhtasari haidaiwi. Ikishaingia, italazimika kujibiwa chini ya yatokanayo, mkutano huu na ujao, hata kama mwenyekiti atabadilika.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko sauti. Ukisema “kwa nini mnakula hela zetu?” umempa kiongozi njia ya kutokea: atakuita mchochezi, mkutano utageuka ugomvi, na swali la fedha litapotea humo. Sema badala yake: “Ndugu mwenyekiti, taarifa inaonyesha mengineyo shilingi 380,000. Naomba tutajiwe kila matumizi, nani alilipwa na lini. Naomba pia swali langu na jibu lake viandikwe kwenye muhtasari.” Swali lina kiasi, lina mtu, lina tarehe. Hakuna tusi ndani yake, na haliwezi kujibiwa kwa hotuba.

Usiende peke yako. Gawaneni maswali: wewe mengineyo, jirani michango, mama wa kikundi cha kuweka na kukopa aulize posho za vikao. Akina mama wapewe nafasi mapema, maana mara nyingi wao ndio wanaojua ni kaya zipi zililipa mchango na saruji ilishushwa siku gani. Muulize pia mjumbe wa kamati ya fedha, uchumi na mipango kama kamati yake iliiona taarifa hiyo kabla ya kusomwa. Jibu la hapana ni habari kubwa.

Majibu yasiporidhisha, mkutano una haki ya kutoikubali taarifa na kuomba mkaguzi wa ndani wa halmashauri ya wilaya aje akague vitabu. Ombi hilo nalo liandikwe.

Jambo moja lisisubiri robo: ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inaisimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu una sauti katika kuigawa. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuuza ardhi ya kijiji kwa muhuri wake. Mkisikia mgeni ameonyeshwa eneo, ulizeni mara moja ni kikao gani kilichoridhia.

Andika barua

Mdomo ukishindwa, karatasi inafanya kazi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi husika inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi, isiwe na tuhuma:

Yah: Ombi la nakala ya taarifa ya mapato na matumizi, robo ya Januari hadi Machi

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kitongoji cha (jina). Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, naomba nakala ya taarifa iliyotajwa, orodha ya kaya zilizochangia ujenzi wa choo cha shule, na stakabadhi za ununuzi wa vifaa. Niko tayari kulipia gharama za kudurufu. Naomba nijibiwe kwa maandishi.

Weka jina, sahihi, tarehe na namba ya simu. Chapisha au andika nakala mbili. Moja unaiacha, ya pili inagongwa muhuri wa “imepokelewa” na kutiwa tarehe na aliyeipokea. Bila muhuri huo hukupeleka barua. Ukiambiwa kuna fomu maalumu, ijaze, lakini usikubali kurudishwa kwa neno tu. Siku 30 zikipita kimya, andika ya pili ukiambatanisha nakala ya ile ya kwanza, na nakala nyingine kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Ukishapewa taarifa, itumie kama ilivyo. Sheria hiyohiyo ina adhabu kwa anayepotosha alichopewa, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza uongo. Usikate nusu ya ukurasa ukaituma kwenye kundi la WhatsApp na maneno ya kuchoma. Tuma ukurasa wote, na maneno yako yawe machache.

Kwa diwani na mbunge

Baraza la madiwani hukutana kila robo, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Ni wachache mno wanaokwenda. Diwani anayejua kuna watu wa kata yake kwenye viti vya nyuma huuliza maswali ambayo asingeuliza.

Swali la kumtuma diwani wako akalipeleke ni la asilimia 10. Kila halmashauri hutenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha baada ya ukaguzi kufichua mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, kisha ikairudisha kwa utaratibu mpya. Omba orodha ya vikundi vya kata yako vilivyokopeshwa, kiasi na marejesho. Wewe unaishi hapo. Kikundi ambacho hakuna aliyewahi kukiona utakitambua haraka kuliko mkaguzi yeyote kutoka mjini.

Kwa mbunge, anza na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, na fedha zake ni za umma. Bati au saruji ya mfuko huo ikikabidhiwa shuleni kwa shangwe kana kwamba mheshimiwa ameitoa mfukoni mwake, mshukuru kwa kuisimamia, kisha umwombe mbele ya wote orodha ya miradi yote ya mwaka huo jimboni.

Uwazi wa kweli huanza na kiasi kutajwa mapema, na tumeshauona ukifanya kazi. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, na ilitangazwa hadharani kwamba kila darasa ni shilingi milioni 20. Bibi asiyejua kusoma aliijua milioni 20. Darasa lilipokwama kwenye linta kijiji kizima kilijua pa kuanzia kuuliza, na wajumbe wa kamati za manunuzi, mapokezi na ujenzi walikuwa watu wa palepale kijijini. Kwa kila mradi mpya fanya hivyo: kabla msingi haujachimbwa, uliza ni kiasi gani, kimetoka wapi, nani yumo kwenye kamati, na unakamilika lini. Likiandikwa kwenye muhtasari siku hiyo, kazi yako ya mwaka mzima imeshakuwa nyepesi.

Kuhusu mali za viongozi nitasema kwa ufupi. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inawataka viongozi, wakiwemo wabunge na madiwani, kutamka mali na madeni yao kwa Kamishna wa Maadili wanapoingia madarakani, kila mwisho wa mwaka, na wanapotoka. Matamko hayo hayatangazwi kwa wananchi, na masharti ya kuyaona ni magumu. Kwangu mimi hilo ni pengo linalohitaji kuzibwa na Bunge. Anayetaka kura yangu hana sababu ya kunificha shamba lake. Mgombea akija kuomba kura, mwombe aahidi kuyatangaza mwenyewe. Hakuna sheria inayomzuia kusema alichonacho.

Ripoti ya CAG isomwe na wewe pia

Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) hukabidhi ripoti zake kwa Rais kabla Machi haijaisha, na ibara ya 143 ya Katiba inataka zifike bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Ndiyo maana kila Aprili magazeti hujaa mabilioni. Baada ya wiki mbili tunasahau.

Ripoti za jumla zipo kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na za Kiswahili zinapatikana. Huhitaji kusoma kurasa zote. Fungua ile ya serikali za mitaa, tafuta jina la halmashauri yako, soma kila mahali linapotokea. Uelewe pia kwamba hati inayoridhisha maana yake ni kwamba hesabu zimeandaliwa kwa viwango na hazina upotoshaji mkubwa. Haisemi kwamba kila shilingi ilitumika vizuri, wala kwamba kisima kinatoa maji. Mkurugenzi akijivunia hati hiyo jukwaani, mpongeze, kisha muulize kuhusu hoja za ukaguzi zilizobaki.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote haitangazwi sana: ile inayoonyesha mapendekezo ya miaka iliyopita yametekelezwa kwa kiasi gani. Hiyo ndiyo yatokanayo ya taifa. Halmashauri inayobeba hoja zilezile miaka mitatu mfululizo imesema yote kuhusu viongozi wake, na diwani wako alikuwa kwenye baraza miaka yote hiyo.

Kiongozi anapokosea

Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji Kanda ya Ziwa kuteswa, na wengine kufa, mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake. Hakuwa ametesa mtu, lakini alikubali kwamba mwenye dhamana hubeba mzigo wa kilichofanyika chini yake. Miaka minane baadaye akawa Rais. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa naye alijiuzulu baada ya ripoti ya kamati ya Bunge iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, huku akisema hakutendewa haki. Tunawakumbuka wawili hao kwa sababu walio kama wao ni wachache. Wengi hungoja upepo upite.

Mpiga kura wa Tanzania hana njia ya kumwondoa mbunge wake kabla ya uchaguzi. Rasimu ya Katiba mpya ya Tume ya Jaji Warioba ilipendekeza haki hiyo. Katiba Inayopendekezwa ya 2014 haikuibeba. Madai ya Katiba mpya yakirudi mezani, lidai hili.

Ukikutana na wizi wenyewe, acha maswali ya mkutano na uipigie TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, bila malipo. Toa taarifa ya ulichokiona na mahali kilipo, usihitimishe kesi. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015. Najua wengi wanaogopa, na sitakuambia hofu hiyo haina msingi. Ndiyo maana nimesisitiza muende wengi, mzungumze juu ya tarakimu na mtunze nakala mahali tofauti.

Na kiongozi anayebandika taarifa bila kuombwa, anayesema “hapa nilikosea”, anayekubali orodha isomwe hadharani, huyo mtetee waziwazi hata kama si wa chama chako. Viongozi wa namna hiyo wapo, na mara nyingi wanaumizwa na wenzao.

Uchaguzi wa mwisho wa vijiji na mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024, na hufanyika kila baada ya miaka mitano. Nunua daftari la kurasa mia, uandike humo kila ahadi iliyoingia kwenye muhtasari, tarehe yake na kilichotokea. Siku wagombea watakapokuja kuomba kura, lifungue na uwasomee.